Keki "rahisi" ya vunja jungu ilivyonitoa jasho hapa Muscat

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni, wadogo mpo?

Haya ninayoandika yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Mwenye kutaka kusema "hii chai" aje Darsait anuse mapazia yetu kwanza, harufu ya plastiki bado imo.

Mimi ni binti wa Moshi, Mkatoliki, nafanya kazi saluni ya wanawake hapa Muscat. Naishi flat moja ndogo Darsait na mwenzangu Mwajuma, wa Tanga, yeye anashona mabuibui kwenye duka la mtu. Chumba kimoja, jiko moja, friji moja. Kumbukeni hilo, maana ukikosana na mtu ndani ya nafasi kama ile hata chumvi unaipitia ubavuni kwake.

Na tulikuwa tumekosana.

Chanzo ni keki. Krismasi niliioka kwenye oveni yetu, ikatoka ngumu, sikatai. Nikaiweka mezani nikaenda kuoga. Narudi, simu inalia kama imechanganyikiwa. Mwajuma kaipiga picha, kaiweka status, kaandika "Tofali la Moshi" na vile vikatuni vya kucheka machozi. Saluni nzima waliiona. Wateja wakawa wananiuliza kama nyumba imefika kwenye lenta.

Niliumia wakuu. Mnaweza kuona ni utani, lakini mama yangu alikuwa anauza keki sokoni, na mimi nilikuwa namkumbuka siku ile.

Nikatangaza kwa sauti, jirani na asikie, kwamba oveni ile sitaigusa tena maisha yangu yote. Basi ikarudi kwenye kazi yake ya kawaida, kabati la masufuria. (Msijifanye hamjui. Nusu yenu humu oveni zenu zina karai na mifuko ya plastiki.)

Tangu hapo mimi na Mwajuma ni "kuna maji?", "yapo", basi.

Sasa mwaka huu Kwaresima na Ramadhani vimegongana, wiki moja. Kuna mama mmoja mteja wangu, Bi Zuwena, Mwarabu wa kuzaliwa Unguja, anakaa Madinat Sultan Qaboos. Kila mwaka kabla ya mfungo anawabeba wanawe, wakwe zake na sisi Watanzania wake mpaka ufukweni Qantab, watu wale mpaka washindwe kufunga mikanda. Wao wanaita vunja jungu. Mimi nikamwambia hata sisi Wakristo, wenzetu wa huko kwingine duniani wana kanivali, wanakula na kucheza kabla ya Kwaresima. Akafurahi.

"Basi wewe lete keki ya hiyo kanivali yako," akasema.

Nikasema sawa. Nani alinituma, sijui.

Ukweli ni kwamba nilijua wasichana wa saluni watakuwepo wote, walewale waliocheka tofali. Nilitaka waile keki yangu wanyamaze. Nilitaka hasa Mwajuma aile anyamaze.

Siku chache kabla, Mwajuma akanitumia ule ujumbe wa kila mwaka, "kama nimekukosea kwa neno au kitendo nisamehe, Ramadhani karim," una maua na mwezi mwandamo. Tumekaa kitanda na kitanda, mtu ananitumia maua! Na wenzangu wote saluni walikuwa nao huohuo. Nikamjibu kwa dole gumba. Nilichotaka mimi ni mdomo wake ufunguke.

Turudi kwenye keki.

Nikaingia mtandaoni, nikapata video: keki rahisi ya kanivali, rangi tatu, bila oveni. Dada wa kwenye video ana kucha ndefu na jiko jeupe, kila sentensi "easy, so easy". Unachanganya, unagawa, unatia rangi ya zambarau, kijani na njano, unaweka chombo ndani ya sufuria nzito yenye chumvi chini, unafunika, moto mdogo. Anafunua, keki hii hapa.

Ijumaa asubuhi nikaanza. Mwajuma alikuwa ameshaamka kabla yangu, akatoa masufuria yote kwenye oveni kwa ajili ya pilau lake. Akamaliza, akashuka dukani kununua mkaa na barafu.

Jiko letu lina moto wa aina mbili tu, mkali na uliozimika. Yule dada hakulisema hilo.

Harufu ya kwanza ilikuwa nzuri, nikaanza kuimba. Harufu ya pili ilikuwa ya kuungua. Nafunua, chini mkaa, juu uji. Nikasema ngoja niongeze muda, juu paive. Juu pakaiva kidogo, chini pakawa kisigino cha kiatu. Na zile rangi tatu zilikuwa zimeingiliana zikawa rangi moja ambayo sitaitaja kwa kuwa wengine mnasoma huku mnakula.

Nikakaa chini kwenye sakafu ya jiko. Nililia wakuu, kwa hasira.

Halafu nikaikumbuka oveni. Unga ulikuwepo, sukari na mafuta vilikuwepo, mayai yamebaki. Kiapo changu nikakiweka pembeni. Masufuria yote nilikuwa nayaona kwa macho yangu yako nje, kwa hiyo oveni ni tupu. Nikawasha ipate moto huku nachekecha unga.

Hata sikuufungua ule mlango. Kwa nini nifungue kitu kitupu?

Nachekecha, nachekecha, nasikia harufu. Nikadhani ni ile keki ya kwanza inaendelea kunisema. Mara moshi mweusi unatoka pembeni ya mlango wa oveni. Nazima, nafungua, uso wangu ukapokea wingu zima. Nyuma kabisa kuna boksi limeungua nusu, na kitu cheupe cha plastiki kinadondoka kwenye nyavu kama jibini.

Hapo ndipo Mwajuma aliingia na mkaa wake.

Jamani, nilifoka. Yote niliyoyaweka tangu Krismasi yalitoka. "Ni nani mwenye akili anaweka plastiki kwenye oveni? Hukutosheka kunidhalilisha kule, sasa unataka kunichoma moto? Kwani mimi nimekukosea nini Mwajuma?"

Akaweka mfuko wa mkaa chini. Alichukua kitambaa, akalivuta lile boksi taratibu, akaliweka juu ya sinki akawa analitazama tu.

Nikasogea. Upande ambao haukuungua ulikuwa na picha. Mashine ya mkono ya kupigia mayai na kuchanganyia keki, ile yenye vyuma viwili vinavyozunguka.

"Ilikuwa yako," akasema. "Nilitaka nikupe kule Qantab, mbele ya walewale. We si ulisema oveni huigusi tena maishani? Nikaona hapo ndipo hutafungua, dada Mage."

Nikachukua kile kitambaa nikaanza kufuta masizi kwenye ile picha.

Chini honi ikaanza kupiga. Bi Zuwena hapigi honi, anaegemea honi. Tulipochelewa akapanda mwenyewe, anahema, kashika buibui lake mkono mmoja.

"Nyie watoto, mie nna njaa toka asubuhi na nyama zangu zinayeyuka barafu. Harufu gani hii? Mumechoma tairi?"

Nikamwonyesha. Keki ya kwanza, oveni, mashine. Nikamwambia hakuna keki tena, waende tu, mimi nabaki.

"Unabaki ukafanye nini, ukae na moshi? Unga si huo? Mayai si hayo? Sisi kwetu Unguja nani alikuwa na oveni! Makaa juu, makaa chini, keki inaiva. Pakieni, yalla, khalas."

Basi tukapakia. Njiani mimi dirisha hili, Mwajuma dirisha lile, sufuria ya unga katikati yetu kama mtoto wa talaka. Bi Zuwena huko mbele anaongea na simu Kiarabu na Kiswahili kwa pamoja, anaishtaki keki yangu kwa dada yake.

Qantab tulikuta watu wameshatandika. Wasichana wa saluni wapo, simu mikononi. Nikaona kabisa kesho yangu itakavyokuwa.

Sasa mayai yanataka kupigwa mpaka yaumuke, na mashine imekufa. Nikachukua uma. Mwajuma akaninyang'anya.

"Lete huku. Wewe chekecha."

Akakaa juu ya boksi la barafu akaanza kupiga. Wakuu, yule binti alipiga mayai! Mkono wa kulia ukichoka anahamia kushoto. Shungi likamtoka, akalikaza kwa kiwiko. Wenzake wanamwita aje kula mishkaki, anasema nina kazi. Nilimwambia inatosha, akasema bado. Macho yake yalikuwa kwenye bakuli, na bila kuyainua akasema:

"Ile picha sikuitegemea ifike kule. Nilicheka mie mwanzo, wakacheka wao, ikawa sijui naifutaje. Nisamehe. Na ule ujumbe pia, niliona aibu kusema."

Mdomo umefunguka. Nikamwambia nimekusamehe, na wewe nisamehe kwa kelele za asubuhi. Akasema, "Zile kelele zilikuwa haki yako. Mashine ndiyo inaniuma." Tukacheka, mimi nikicheka huku nalia, unga umenijaa usoni.

Msidhani mambo yaliisha vizuri. Bi Zuwena alimwaga makaa juu ya mfuniko kama anafukia kisima. Nikipunguza, anaongeza. Wajukuu zake kila mmoja anataka kufunua aone. Upepo ukaleta mchanga. Nilifika mahali nikasimama mbele ya lile sufuria na mwiko mkononi, nikasema atakayelisogelea namchapa, na Bi Zuwena yumo. Akacheka mpaka akakaa.

Rangi sikutia. Rangi na mimi basi.

Ilipofunuliwa ilikuwa imeinama upande mmoja, juu ina ufa mkubwa, pembeni nyeusi kidogo. Kuna mchanga ulioingia, sidanganyi, ukitafuna unasikia kwa mbali. Lakini ndani ilikuwa laini, ya njano, inatoa mvuke. Ilikuwa na ladha ya keki ya mama. Wasichana wa saluni walikula wakarudi, hakuna aliyetaja lenta.

Mwajuma akatoa simu. Nikaganda, nawaambia kweli. Akaielekeza kwenye keki, halafu akaishusha.

"Dada Mage, niweke?"

Hakuwahi kuniuliza.

"Weka," nikasema.

Akaandika, akanionyesha kabla ya kutuma. Aliandika "Tofali letu."

Leo mfungo umeanza, mimi na Kwaresima yangu, yeye na Ramadhani yake. Ile mashine iko juu ya friji, imekunjamana upande mmoja. Mwajuma anataka kuitupa, mimi nimekataa. Vyuma vyake viwili vimepona, ni kuzunguka tu ndiyo haizunguki. Kama kuna fundi humu anaishi Muscat, aje inbox, na asinicheke.

Nilichojifunza: mtu akikwambia kitu ni "easy", muulize jiko lake lina moto wa aina ngapi. Na ukikasirika na mtu unayeishi naye, fungua oveni kabla hujaiwasha.

Wewe unayesoma huku oveni yako imejaa masufuria, inuka ukaangalie sasa hivi. Ukirudi tuambie umekuta nini.