Glasi za Mama Povu

Walimwita Mama Povu, na jina likamkaa. Zamani alikuwa mpishi wa hoteli. Sasa kazi yake ilikuwa kuifanya bia ipendeze mbele ya kamera. Kwa sindano aliongeza povu la ute wa yai, kwa brashi akakinyunyizia kioo matone yasiyokauka upesi. Baba yake hakuikubali kazi hiyo.

"Nilikusomesha uje uwapambie walevi glasi?" alimwambia mara ya mwisho. Mama Povu akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga. Ilikuwa imepita miezi mitano.

Siku hiyo kampuni ya bia ilikuwa imemwaga fedha kama maji. Ukumbi mzima wa karamu ulijengwa ndani ya ghala, watu mia mbili wakavalishwa suti na magauni, farasi sita weupe wakafungwa nje, kamera ikaning'inizwa kwenye kreni. Wote hao walikuwa wanasubiri glasi moja.

Saa nne asubuhi simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Dada yake.

"Mdogo wangu, umekaa?"

"Nimesimama. Sema tu, dada."

"Baba ametutoka."

"Sawa. Nakuja nikimaliza."

"Lakini umenisikia?"

"Nimekusikia."

Akairudisha simu mfukoni. Mwongozaji, aliyekaukwa na sauti kwa kupiga kelele, akamwita: "Mama, povu linashuka!" Akaongeza povu. Glasi ya tisa, ya kumi na moja, ya ishirini. Alingoja uchungu upande, kama mtu anavyongoja chafya. Haukuja.

Glasi ya ishirini na sita ikakubaliwa, ukumbi ukalipuka kwa makofi. "Mama, mikono yako ina dawa!" Akasema asante. Akaosha brashi zake moja moja, akaenda msibani nguo zikinuka bia.

Dada alimpokea mlangoni. "Jana aliniuliza kama bado umemkasirikia."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ulishasahau."

Akaitikia kwa kichwa, akauliza kama kuna maji ya chai.

Tangazo lilitoka baada ya miezi miwili. Farasi hawakuonekana kabisa. Glasi ilikaa sekunde tatu. Alilionea saluni, kwenye televisheni ya ukutani.

"Bia hiyo," msusi akacheka, "hata asiyekunywa ataitamani!"

"Eeh," alisema Mama Povu, akainamisha kichwa asukwe upande wa pili.