Wimbo Nilioamini Nimepewa na Roho

Chekeni tu, ndugu zangu, maana mimi mwenyewe nimeshacheka. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Roret, lakini Jumamosi nikipiga pasi husikiliza kaseti zangu za roki, zile za magita yanayolia kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Kanisani sijawahi kumwambia mtu.

Juzi nikichuma chai, sauti tamu ikanijia kichwani. Nikaamini ni Roho. Nikaitilia maneno ya sifa, nikaifundisha kwaya, na nikajigamba kila mahali kwamba nimetunga wimbo.

Jumapili tuliimba mpaka kina mama wakapiga vigelegele. Baada ya ibada, Pasta akaniita nyuma ya kanisa.

"Mwalimu, huu wimbo umeutunga wewe?"

"Ndiyo, Pasta. Nilipewa na Roho."

Akafumba macho, akaanza kuigiza gita kwa mdomo, mpaka mwisho. Hapo ndipo nikautambua: ulitoka kwa kaseti yangu! Nikajua kwaya sina tena.

"Pale mnapoimba Yesu," akasema, "kwa kaseti yangu wanaimba pikipiki."

"Kaseti yako, Pasta?"

Akatazama huku na huku.

"Punguza sauti, mwalimu. Mke wangu yuko hapo mlangoni."