Ukurasa wa Oili

Leo wamemnyang'anya Neema wangu ufunguo wa mashine ya kusaga!

Shikamoo dada Mariamu, shikamoo shemeji. Eliza hajambo? Na mapacha? Sisi hapa Issuna tupo tu.

Mashine ilikufa juzi kwa kuwashwa bila oili. Leo kwenye mkutano wa kijiji wakasema ni uzembe wa binti yangu.

Nikasimama na kile kijitabu cha maelekezo ya mashine.

"Ndugu mwenyekiti, Neema alifuata hiki. Kinasema kabla ya kuwasha, tazama ukurasa wa kumi na mbili. Huko ni kuosha chekeche! Oili iko ishirini na moja, imebanwa chini kwa maandishi kama sisimizi."

Mwenyekiti akadakia, "Mama Neema, kisomo umeanza juzi, leo unasahihisha kitabu?"

Wakacheka.

Akafungua mwenyewe. Akakuta ni kweli.

Nikadhani tumepona, dada.

Akanipa kalamu. "Haya, andika ukurasa sahihi, atakayeshika ufunguo baada ya Neema asikosee."

Nimeandika, dada. Kwa mkono wangu huu, na mstari nikapiga chini.

Neema hajala tangu mchana, wala hanitazami.

Ungekuwa wewe ungeandika? Nijibu upesi, barua mpe dereva yeyote wa lori hapo Shelui.