Siku ya Wazazi, Darasa la Kwanza

Mwalimu wa darasa la kwanza pale Nkoma alikuwa na mikono isiyotulia. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia kijijini na kugawa kalenda zao, naye alizikusanya, akakata picha za maua na kuzibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Huku akibandika alijizoeza salamu za Kisukuma, mara kwa sauti ya juu, mara ya chini, maana yeye alitoka Bukoba. Mimi, mwalimu wa darasa la pili, nilimchungulia dirishani nikijiuliza anahangaikia nini. Siku ya wazazi kwetu ilikuwa ya kusomewa sheria za shule tu.

Siku yenyewe mvua ilinyesha. Wazazi walifika kutoka mashambani, wakasimama kibarazani wakiitazama sakafu ambayo mwalimu yule aliisugua tangu alfajiri. Mama mmoja, Nyanjige, aliyemshika binti yake mkono, akasema, "Mwalimu, tutasikilizia hapa hapa. Miguu yetu ina tope."

Mwalimu hakubishana. Alivua viatu, akashuka uwanjani, akakanyaga tope mpaka likafika vifundoni, kisha akarudi akapita katikati ya darasa akiacha nyayo hadi ubaoni.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia mama yule. "Karibu ndani."

Nyanjige akacheka, akamtanguliza binti yake mlangoni. Wengine wakafuata. Nami nilipogeuka niliwaona wazazi wa darasa langu bado wamesimama nje. Nikainama kufungua kamba za viatu.