Mapambo Mapya ya Mbao

Nimejaza karatasi za meli kwa miaka mingi, katika ofisi iliyo karibu na bandari ya Durban, na nimechoka. Kontena linakuja, kontena linakwenda, mimi naandika: ndani mna nini, kimetoka wapi, kinakwenda kwa nani. Ijumaa mchana macho huwa yamekauka na mkono unaandika wenyewe.

Ijumaa moja ya namna hiyo niliandika maneno manne: mapambo mapya ya mbao.

Hayo mapambo yalikuwa baba wa babu yangu. Yaani sanamu yake, ndefu kiasi cha mkono, ambayo baba aliitoa Kongo tulipokimbia vita. Aliibeba ndani ya blanketi, nchi moja baada ya nyingine, mpaka tukafika Isipingo, kusini mwa Durban. Sisi watoto tulibeba sufuria. Yeye alimbeba Mzee, maana hivyo ndivyo alivyoiita. Kila tulipohama alimwinamia kwanza akamwambia tunakokwenda. Kwetu Mzee hahamishwi kimyakimya kama gunia la muhogo. Hata tulipohama chumba cha nyuma ya stendi ya teksi kwenda mtaa wa pili tu, kuvuka robot moja, yaani taa za barabarani, alimwambia. Mimi nilicheka.

Mteja mmoja wa ofisi yetu, Mwitaliano, alikuwa akisafirisha vinyago vya watalii. Siku moja ya mvua alinipa lifti hadi nyumbani, akamwona Mzee pale kwenye kabati. Kesho yake alirudi na bahasha ya pesa. Baba aliipokea kwa mikono miwili.

“Muzuri,” alisema. “Akae naye. Siku moja atamurudisha.”

Kwetu Mzee hauzwi. Anawekwa kwa mtu, na anayempokea hutoa kitu cha heshima, kitenge au mbuzi. Baba alidhani bahasha ile ndiyo mbuzi. Mimi nilijua ni bei. Lakini kodi ya nyumba ilikuwa imetubana, nikanyamaza. Na kwa kuwa kitu cha kale hakitoki bandarini bila kibali, na kibali ni foleni ya wiki nzima, niliandika yale maneno manne, nikatia saini, sharp, kazi imekwisha, nikaenda kulala.

Mwaka huu baba ameishiwa nguvu. Miguu imevimba, anakula vijiko vitatu anasukuma sahani. Akaanza wimbo mmoja, asubuhi na jioni: “Mugeni amekaa sana kwa batu. Arudi, nimuage. Baba yangu ataniuliza nilimuacha wapi, nitasema nini?”

Anwani ya yule Mwitaliano ilikuwa bado kwenye faili langu. Mdogo wangu wa kike anaishi Italia, anatunza wazee wa watu, na siku yake ya mapumziko alipanda treni kwenda mji ule. Alikuta duka la yule bwana halijafunguliwa. Akaingia jumba la makumbusho la jirani kukwepa baridi, akatupigia simu ya video. Tukaona safu ya masanamu ya Misri ya kale, ya mawe meusi: wanawake wenye vichwa vya simba, wameketi, mikono magotini. Baba aliisogeza simu hadi kwenye miwani.

“Hawa bote ni ba Misri? Balifika kule namna gani?”

Mdogo wangu alisoma kibao ukutani. Palikuwa na balozi aliyewakusanya, mfalme akawanunua, meli ikawaleta.

“Na batarudi kwabo siku gani?”

Mimi nilimwaza yule aliyekaa bandarini Misri akajaza karatasi zao. Lazima alikuwepo. Labda naye alidaiwa kodi.

Duka lilipofunguliwa, Mzee alikuwa ndani ya kabati la kioo, taa juu ya kichwa, na kibao kilichosema ni kazi ya kale sana. Mwenye duka hakuwa mkali, hata kahawa alileta. Alifungua faili akamwonyesha mdogo wangu karatasi. Kama ni mapambo mapya, alisema, nimenunua mapambo, yamekwisha. Kama ni ya kale, basi aliyeidanganya serikali ni huyu aliyetia saini. Tumtafute?

“Dada,” mdogo wangu aliniuliza kwenye simu, “huu ni mwandiko wako?”

Eish. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

“Ni wangu.”

Baba alikuwa amesikia yote. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliuliza jambo moja tu.

“Ulimuambia anaenda wapi?”

“Hapana, baba.”

“Juu ya nini?”

“Nilikuwa nimechoka.”

Akaomba simu ya kule isogezwe kwenye kioo. Mdogo wangu akaisogeza, mwenye duka akimtazama. Baba alivua kofia, akainama juu ya meza yetu ya plastiki mpaka paji la uso likakaribia kugusa simu.

“Mzee, uko Italia. Iko mbali, iko baridi. Jirani zako ni batu ba Misri, nabo bangali banangoja. Mimi sitafika kukuchukua. Aliyekutuma huko ni mutoto wangu, na hakukuambia. Umusamehe. Alikuwa amechoka.”

Akavaa kofia yake, akanirudishia simu bila kunitazama. Mdogo wangu alikuwa analia kule dukani, mbele ya watu. Mimi hata kulia nilishindwa.