Jiwe Lililokataa Kuoza

Harufu ya chokaa inayozimwa kwa maji, kali, yenye kukausha koo, ndiyo Korogwe ya utoto wangu, wakati wa Mdachi. Mawe yaliletwa kwa gari moshi kutoka upande wa Tanga, na kaka yangu Mhando alikuwa miongoni mwa vijana walioyavunja kwa nyundo kabla hayajapangwa tanurini. Ndani ya mawe hayo mlikuwa na maumbo ya wanyama wa bahari. Mengi yalikuwa magamba ya chaza, madogo, ya kijivu, yasiyo na sura. Hayo yaliingia motoni. Siku moja Mhando alirudi na umbo lililojikunja kama pembe ya kondoo dume, lenye mifuo kama iliyochongwa. Bibi yetu, aliyetulea, aliligeuza sana kiganjani. Alisema kiumbe huyu alikataa kuoza mpaka akawa jiwe. Akalishonea mfuko wa ngozi ya mbuzi.

Vita vya Wazungu vilipofika, jumbe alitaja vijana wa kubeba mizigo ya jeshi, na Mhando akatajwa. Asubuhi ya kuondoka bibi alimvalisha ule mfuko shingoni.

“Bibi, naenda kubeba mizigo, nawe unaniongezea jiwe?”

Watu walicheka. Bibi hakucheka. “Mauti yameshindwa na hili, mjukuu wangu. Usilivue.”

Askari walipoanza kuchukua na chakula, bibi alinipandisha vilimani, Kwashemshi. Tulijibanza korongoni, tukila ndiga, viazi vya mwituni tulivyoviloweka kutoa sumu, bila kuwasha moto mchana. Waliotujua walitucheka kwamba tunaishi kama fuko. Vita vilipopita, mpagazi mmoja aliyekuwa na Mhando alituletea mfuko. Alisema Mhando alikufa kwa kuhara damu, njiani, akiwa ameuvaa. Bibi alimuuliza tena na tena kama Mhando hakuuvua hata kidogo. Jiwe halikuwa na mkwaruzo.

Shule niliiacha mapema; mengine nimeyasoma mwenyewe, polepole, ukubwani. Nimejifunza kwamba bahari zilipata kufa, pamoja na karibu viumbe wake wote, zaidi ya mara moja, na kila mara ukoo wa viumbe hao wenye umbo la pembe ulibakiza wachache, wakazaana upya. Kisha kikaja kifo kilichowamaliza wote. Kwa nini wao, vitabu havikubaliani. Chaza nao walipoteza wengi, lakini hawakwisha. Wapo hadi leo, wengine wamejizika matopeni. Basi bibi alimvika mjukuu wake alama ya ukoo uliokwisha, na walionusurika tuliwatia tanurini.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Leo treni hupita Korogwe ileile, na nyumba zilizopakwa chokaa ile bado ni nyeupe. Jiwe liko mezani kwangu. Bibi alikufa akiamini kwamba Mhando aliuvua mfuko mahali fulani, mara moja tu, labda akioga. Yeye alikuwa na hilo la kulilaumu. Mimi niliyesoma sina.