Mheshimiwa kwenye ngoma ya Wagalu

Leo mheshimiwa wetu amebadili msimamo mara mbili kabla ya chakula cha mchana.

Mwaka jana aliapa mbele yetu kwamba mnada wa ng'ombe hauondoki kijijini. Leo ameitisha mkutano kutueleza kuwa kuuhamishia Dutwa ndiyo maendeleo.

Nikasimama. Nikamwekea sauti yake mwenyewe kwenye simu, kiapo kizima.

Mnajua wananchi walifanya nini? Walinicheka mimi!

"Kaa chini, ngosha. Siasa ndivyo zilivyo."

Nikakaa, nimefura.

Mheshimiwa kwa furaha akajitosa kucheza na kikundi cha ngoma kilichoalikwa. Hakuangalia ni kikundi gani. Walikuwa Wagalu! Na yeye ni Mgika, kama baba yake na babu yake. Wasukuma wenzangu mnajua: pande hizi mbili za ngoma zinashindana tangu enzi, na mtu hahami upande aliozaliwa.



Mama muuza dagaa akapaza sauti: "Mheshimiwa, ngoma ya baba yako umeiacha, sembuse mnada wetu?"

"Mayu, mimi ni Mgika!"

"Mgika gani huyo?"

Sasa wamesimama wote, walewale walionicheka. Jasho likamtoka. Akanyakua kipaza sauti:

"Mnada hauondoki hapa!"

Vigelegele.

Yaani kuvunja kiapo tunasamehe, kukosea ngoma hatusamehe? Nimekasirika, jamani, ila mnada umebaki.

Wagalu, nawaomba mhudhurie kila mkutano wa siasa mkoani Simiyu. Nauli tutachanga.